Mtu na Mkwewe

Mwalimu aliweka birika la umeme mezani, akalijaza maji, akabonyeza kitufe.

"Una muda wa maji kuchemka tu," akasema. "Nishawishi nikupe kura yangu. Birika likizimika, na wewe unakaa."

Walikuwa kwenye darasa la shule ya msingi waliloazima kwa siku za Jumamosi. Wanawake wa soko walikuwa wamejibana kwenye madawati ya watoto, magoti yamewafika kifuani, mikoba wameipakata kwa kukosa pa kuiweka. Ukutani palikuwa na jedwali la kuzidisha na picha ya twiga mwenye miguu mitano, kazi ya mtoto fulani aliyekuwa na haraka. Mwalimu mwenyewe hakuwa mwalimu wa shule. Aligombea udiwani mara tatu. Mara mbili alibwagwa vibaya, ya tatu akapita, akakaa kwenye baraza la mji mpaka kipindi chake kikaisha. Sasa alizunguka mtaa kwa mtaa akiwafundisha wanawake wenzake namna ya kuomba kura bila kuomba radhi.

Hapo kwenye kuomba radhi ndipo Fundi alipokwama.

Soko zima lilimwita Fundi. Alitengeneza simu kwenye kibanda kilichobanwa kati ya muuza viatu na muuza nyanya, na mikono yake haikutetemeka hata mbele ya simu iliyotolewa kwenye ndoo ya maji. Lakini mbele ya watu, mikono ile ile ilihangaika kutafuta pa kujificha.

"Samahani jamani," alianza. "Mimi nilitaka tu kusema, kama hamtajali..."

"Kaa chini," alisema Mwalimu. "Haya, simama tena. Safari hii uje bila samahani."

Fundi akasimama, akaeleza habari za choo. Kila mtu mle ndani alizijua. Choo cha soko kilijengwa, kikapakwa rangi, diwani akaja akakata utepe, watu wakapiga makofi, kisha mlango ukatiwa kufuli na haukufunguliwa tena. Kila alipoulizwa, diwani alijibu, "Kesho." Alijibu hivyo mara nyingi kiasi kwamba jina lake la kweli lilisahaulika, mtaani aliitwa Kesho, na mkewe Mama Kesho. Kwa hiyo wanawake wa soko, wakibanwa, walivuka barabara kwenda kubembeleza kwenye kituo cha mafuta, na mlinzi wa pale aliwafungulia siku akiamka vizuri.

Fundi alikuwa anaanza kupata moto Mwalimu alipotoka nje, akaingiza kichwa dirishani, na kubadili sauti ikawa ya mwanamume mlevi.

"Wewe! Rudi jikoni! Mumeo anajua uko hapa?"

Lilikuwa zoezi tu, wote walijua. Hata hivyo ulimi wa Fundi uligoma kabisa. Alilitazama birika kana kwamba lingemjibia.

Ndipo sauti ikatoka dawati la nyuma.

"Jikoni nimetoka sasa hivi. Nimepika, umekula, umeshiba mpaka umepata nguvu za kunipigia kelele. Sasa nyamaza nimalize."

Darasa lilipasuka kwa kicheko. Muuza samaki alilipiga dawati mpaka kifuniko kikang'oka. Aliyesema alikuwa mama wa kichwa cha mvi, amempakata mtoto mnene aliyelala mdomo wazi.

"Huyu ni nani?" aliuliza Mwalimu, kichwa bado dirishani.

"Mama mkwe wangu," alisema Fundi. "Hayumo darasani. Amekuja kunishikia mtoto."

"Mtoto apokewe na mwingine. Mama, njoo mbele."

Mama mkwe akampa muuza nyanya yule mtoto, ambaye kwa unene wake nyumba nzima ilimwita Bonge, akajongea mbele akivuta miguu kwa aibu, akageuka kuwakabili watu. Aibu ikaishia hapo hapo. Alisema mpaka birika likachemka, likazimika, na maji yakaanza kupoa. Hakuna aliyekumbuka kumkalisha.

Fundi alicheka na wenzake. Ni baadaye, akikunja nepi, alipotambua kwamba makofi aliyopigiwa mama mkwe yalikuwa marefu kuliko yoyote aliyowahi kupigiwa yeye, na kwamba jambo hilo limemchoma.

* * *

Jioni ile, sahani zikiwa bado mezani, mama mkwe alijipangusa mdomo na kusema, "Na mimi nakitaka."

"Nini, Mama?" aliuliza mwanawe. Alikuwa mwokaji mikate, mtu wa kuamka kabla ya jogoo, na kufikia saa ya chakula cha jioni macho yake huwa yanajifunga yenyewe.

"Kiti. Cha udiwani."

Macho ya mwokaji yakafunguka. Akamtazama mama yake, akamtazama mkewe, kisha akaitazama sahani yake akaona heri.

Mwalimu alikuwa amewaambia wazi: siku ya mwisho ya mafunzo, wanawake wa soko watachagua mmoja wao, na huyo ndiye wote watakayemuunga mkono, kura zisije zikagawanyika na diwani Kesho akapita katikati. Mpaka asubuhi ile hakuna aliyekuwa na shaka kwamba huyo mmoja ni Fundi. Ni yeye aliyemleta Mwalimu mtaani, na ni yeye aliyeenda kuomba darasa kwa mwalimu mkuu.

"Mama unatania," alisema Fundi.

"Sitanii."

"Lakini kile kiti nakitaka mimi. Unajua nakitaka."

"Najua. Kwani kimeandikwa jina lako, mwanangu?"

Hakuna aliyepandisha sauti, na hilo ndilo lilikuwa baya. Katika nyumba ile kelele ilikuwa kitu cha kawaida. Watu walibishana juu ya chumvi, juu ya mlango kuachwa wazi, juu ya nani kamlaza Bonge na viatu, na baada ya dakika mbili kila kitu kilisahaulika. Safari hii Fundi aliondoa sahani bila neno, mama mkwe akafuta meza bila neno, na mwokaji akamnyanyua mtoto akatoka naye uani, akamwambia kwa sauti ya chini, "Wewe na mimi, tukae mbali."

Tangu hapo wanawake wawili wakaanza kuzungumza kupitia kwa Bonge.

"Bonge, mwambie bibi yako maji ya kuoga yamechemka."

"Bonge, mwambie mama yako namshukuru, na asisahau kwamba leo ni zamu yake kufagia."

Bonge, ambaye maneno yake yote yalikuwa mawili na yote mawili yalihusu kula, aliwatazama mmoja baada ya mwingine na kupiga makofi.

Mwokaji alijitahidi asiegemee upande wowote. Alikuja na mkate kutoka kazini, akaukata katikati kwa uangalifu wa sonara, akaweka kipande kwa mama na kipande kwa mke. Mama mkwe akavitazama.

"Bonge, mwambie baba yako kile cha mama yako kina ganda zaidi."

* * *

Habari haikukaa ndani. Kufikia katikati ya wiki, mtaa mzima ulikuwa unajua kwamba nyumba ya mwokaji ina wagombea wawili. Watu walionunua mkate alfajiri walimuuliza dirishani, "Huu ni wa mama au wa mke?" na yeye aliwahudumia uso umemwiva kuliko tanuri lake. Mmoja akamuuliza atampigia nani kura. Akajibu kura ni siri. Wakacheka mpaka wakasahau chenji.

Kesho mwenyewe alikuja kibandani kwa Fundi akiwa na simu iliyopasuka kioo. Alikuwa mtu wa suti na tabasamu pana, na aliegemea meza ya Fundi kama aliyeinunua.

"Nasikia kwenu kuna uchaguzi kabla ya uchaguzi," alisema kwa sauti ya kusikika mpaka kwa muuza viatu. "Mimi sina haraka. Mkimaliza kugombania mwiko, atakayebaki na mpini aje anione."

Wanaume waliokuwa wakipimisha viatu wakaangua kicheko. Fundi alijua lipo jibu. Alilisikia likigonga mlango wa mdomo wake, ila halikutoka. Aliinama akafungua skrubu, na kila skrubu aliyofungua ilimwambia kwamba mama mkwe angekuwa ameshamjibu.

Siku hiyo hiyo alifunga kibanda mapema, akaenda nyumbani kwa Mwalimu. Alimkuta akianika nguo.

"Mtoe," alisema Fundi hata kabla ya kukaribishwa. "Hakuja kujifunza. Alikuja kushika mtoto."

Mwalimu aliendelea kukamua shuka. "Shika upande huo," alisema. Fundi akashika. Wakakamua, mmoja akizungusha huku, mwingine kule, maji yakatiririka miguuni mwao.

"Nimewafundisha wanawake wengi kushindana na wanaume," alisema Mwalimu. "Mwanamume akikushinda, unamtukana kidogo, unalala. Sasa unataka nikufundishe kushindana na mwanamke anayekuogeshea mwanao. Hilo somo sina, na simtoi: wenzako wanamtaka."

"Basi nifanyeje?"

"Umemuuliza anakitakia nini?"

Fundi akalisokota shuka kwa nguvu zaidi.

"Nyumba moja, chungu kimoja, hujamuuliza?"

"Hatuzungumzi. Tunamtuma Bonge."

Mwalimu alicheka mpaka shuka likamponyoka likaanguka mchangani, na ikawabidi walifue upya.

* * *

Siku iliyofuata, mchana, mama mkwe alimleta Bonge sokoni kunyonya, kama kawaida. Alimkabidhi bila kusema kitu, akasimama kando, akabadili mguu wa kuegemea, akaubadili tena.

"Bonge," alisema hatimaye, "mwambie mama yako navuka barabara mara moja, narudi."

Fundi alijua anavuka kwenda wapi. Akamfunga mtoto ubavuni akamfuata kwa mbali, kwa sababu magari ya barabara ile hayakuwa na huruma na miguu ya mama mkwe haikuwa ya kukimbia.

Mlinzi wa kituo cha mafuta hakuwa ameamka vizuri siku hiyo.

"Choo ni cha wateja, bibi. Gari lako liko wapi?"

"Nimelisahau nyumbani," alisema mama mkwe.

"Basi kalifuate."

Yule mama aliyewamaliza watu darasani hakusema kitu. Alitabasamu tabasamu dogo la mtu anayeomba, akashika tumbo kidogo, akasubiri. Mlinzi akampa kisogo. Fundi aliyaona yote hayo akiwa amesimama kando ya pampu, na damu ikamchemka mpaka masikioni.

"We kaka!" Sauti ilitoka kubwa mpaka Bonge akashtuka. "Una mama wewe? Akija hapa amebanwa, utamuuliza gari? Fungua mlango! Fungua, au nasimama hapa katikati ya pampu zako, na wenye magari wote nawaeleza kisa chako!"

Dereva mmoja alishusha kioo. Mwingine akapiga honi ya kuunga mkono. Mlinzi akaangalia huku na huku, akatoa ufunguo.

Mama mkwe alipotoka, hawakurudi sokoni mara moja. Walikaa kwenye ukingo wa barabara, chini ya bango la matairi, Bonge katikati yao.

"Hukusema samahani hata moja," alisema mama mkwe.

"Nilikuwa na hasira."

"Basi uwe nayo mara nyingi."

Wakacheka kidogo, kicheko cha kupimana. Kisha Fundi akauliza, "Mama, unakitakia nini hicho kiti?"

Mama mkwe alimvua Bonge kofia, akamvalisha tena.

"Nilipokuwa na umri wako, walikuja kuniambia nigombee. Nilikuwa na mdomo tangu zamani. Nikasema ngojeni mtoto akue kwanza. Akakua. Wakaja tena, nikasema ngojeni nimwoze. Nikamwoza, nikakupata wewe. Nikasema basi nimwone mjukuu. Huyu hapa, ananimalizia mgongo. Jumamosi ile nilikuwa nimekaa nyuma, nawasikiliza, nikajiuliza: sasa nangoja nini? Sikupata jibu. Mdomo ukajifungukia wenyewe." Akakandakanda goti. "Wewe una uchaguzi mwingine, na mwingine tena. Mimi, huu ndio wangu, mwanangu. Ujao sijui kama nitaweza kuzunguka mtaa kwa miguu hii."

Fundi aliitazama miguu ile. Ingekuwa rahisi kusema chukua Mama, mimi nakaa pembeni. Alilifungua neno hilo mdomoni, akalionja, akaona si la kweli.

"Nimekuelewa, Mama. Lakini sikuachii."

"Nani kakuomba uniachie?" Mama mkwe alimgeukia kwa ukali. "Ukiniachia nitakuwa nimepewa. Maisha yangu yote napewa: nguo napewa, ruhusa napewa, pole napewa. Hiki nataka kukichukua. Simama unizuie, kama unaweza."

"Nitakuzuia."

"Haya."

"Na atakayeshindwa?"

Mama mkwe akafikiri. "Atambebea mwenzake kampeni. Kila mlango, kila mkutano. Bila kununa."

"Bila kununa," alisema Fundi, wakapeana mikono juu ya kichwa cha Bonge.

* * *

Siku ya kuchagua, darasa lilijaa mpaka wengine wakasimama korido. Mwalimu aliweka ndoo mbili nyuma ya ubao, moja ya bluu ya Fundi, moja nyekundu ya mama mkwe, na kila mwanamke akapewa kizibo kimoja cha soda. Birika halikuwashwa. "Leo semeni mpaka mchoke," alisema.

Mwokaji alikuja na shati lililopigwa pasi, akakaa mlangoni na mtoto wake. Kwa kuwa hakuwa mwanamke wa soko, hakupewa kizibo, na hakuna mtu aliyewahi kuonekana na furaha kama ile kwa kunyimwa haki ya kupiga kura.

Fundi alisema vizuri kuliko siku zote za maisha yake. Alisema juu ya choo, na akasema juu ya mambo ambayo choo kiliyaficha: kwamba muuza nyanya hanywi maji tangu asubuhi mpaka jioni ili asibanwe, kwamba binti wa muuza samaki aliacha kumsaidia mama yake sokoni kwa sababu ya siku zake. Watu walisikiliza kimya. Mikono yake ilitulia pembeni kama ya mtu mwingine.

Kisha akasimama mama mkwe, akawachekesha, akawanyamazisha, akawachekesha tena. Mwisho akasema, "Kuna mliosema mimi mzee. Kweli. Sina muda wa kusema kesho."

Vizibo vikaanza kugonga kwenye ndoo, ka, ka, ka, mpaka vikaisha. Mwalimu alivihesabu mbele ya wote. Havikuachana sana, ila vya ndoo nyekundu vilizidi.

Wanawake wakapiga vigelegele. Fundi akamkumbatia mama mkwe, akatabasamu, akapiga makofi na wengine.

"Ulimpigia nani?" mama mkwe alimnong'oneza sikioni.

"Mimi mwenyewe. Na wewe?"

"Mimi mwenyewe."

"Vizuri."

Baada ya hapo Fundi alikwenda kibandani, akafunga mlango kwa ndani, akalia kati ya simu za watu. Alilia kwa sababu alikitaka kile kiti, na kwa sababu alisema vizuri na bado haikutosha. Hapakuwa na mtu wa kumlaumu. Muuza nyanya alimsikia kupitia ubao. Hakugonga. Alipitisha nyanya moja nzuri chini ya mlango, akaendelea na biashara yake.

Asubuhi Fundi aliamka, akanawa uso, akamkuta mama mkwe anavaa viatu.

"Sio hivyo," alisema. "Vitakuumiza kabla hatujafika mtaa wa pili. Vaa raba zangu."

* * *

Kampeni ilikuwa kazi. Kesho alikuwa na gari la vipaza sauti, fulana za bure na picha yake kwenye kila nguzo. Wao walikuwa na raba, Bonge, na mikate ya jana ambayo mwokaji aliomba kazini ili wanaowasindikiza wasizunguke na njaa. Mlango mmoja waliambiwa waje mwenye nyumba akirudi. Wa pili wakaulizwa kama wanauza sabuni. Wa tatu mzee mmoja alimwambia mama mkwe, "Nenda kalee wajukuu," naye akamtwisha Bonge mapajani. "Huyu hapa. Nishikie wakati nakueleza." Mzee yule, kwa mshangao wake mwenyewe, alimshika mpaka mwisho na hata akamfuta mate.

Mkutano wa hadhara wa kwanza ulikwenda vibaya. Vijana wa Kesho walipandisha muziki kwenye gari lao kila mama mkwe alipofungua mdomo. Alirudi nyumbani sauti imekauka, akaketi jikoni, akasema, "Nadhani nimetaka makubwa."

"Bila kununa," alisema Fundi. "Hata wewe."

Akavuta kiti, akakaa mbele yake, na wazo likamjia pale pale, likamfanya asimame tena. "Mama, kama hawataki tuseme, tusiseme. Tupange foleni."

Siku ya soko kubwa, kulipopambazuka, wanawake walikuja mmoja mmoja wakasimama mbele ya mlango wa choo uliofungwa. Fundi mbele, mama mkwe nyuma yake, kisha muuza samaki, muuza nyanya, na wengine wote. Hawakuimba, hawakubeba bango. Walisimama tu kwenye mstari, mikono wameikunja, kama watu wanaosubiri zamu yao. Jua lilipopanda mstari ulikuwa umezunguka soko na kuanza kuziba barabara.

Kila aliyepita aliuliza, "Mnangoja nini?"

"Kesho," walijibu.

Watu walicheka, kisha wengi wao wakaingia kwenye foleni. Wapakia mizigo wakaja, maana na wao wana haja. Dereva aliyeshusha kioo siku ile alipaki lori lake akasimama nyuma kabisa. Mwokaji alikuja moja kwa moja kutoka kazini, unga nyusini, akajipanga na yeye. Mtu akamuuliza kama bado kura ni siri.

"Ya kwangu imeshajulikana," alisema, na akatabasamu kwa mara ya kwanza baada ya wiki nyingi.

Saa sita Kesho alifika na gari lake. Akajaribu utani, haukuchekwa. Akapandisha muziki, foleni ikabaki pale pale, sasa baadhi yao wakichezesha mabega. Mwishowe, jasho likimtiririka ndani ya suti, aliagiza ufunguo uletwe, akaufungua mlango kwa mkono wake mwenyewe, ili aonekane ndiye aliyefungua.

Ndani hamkuwa na pa kukanyaga. Viti vya plastiki vya mikutano yake vilikuwa vimepangwa mpaka darini, kwenye kila chumba, juu ya kila sinki.

Fundi aligeuka akaitazama foleni yote, kichwa baada ya kichwa, na safari hii jibu halikubaki mdomoni.

"Mheshimiwa," alisema kwa sauti iliyofika mpaka kwa dereva wa lori, "kumbe siku zote hizi choo kilikuwa na watu. Wamekaa!"

Kicheko kilichofuata kilisikika mpaka kituo cha mafuta. Walivitoa viti wenyewe, wakipokezana mkono kwa mkono kwenye mstari ule ule, na kabla ya jioni wakawa wamekalia hivyo hivyo viti kumsikiliza mama mkwe.

* * *

Matokeo ya uchaguzi yalisomwa mchana kwenye uwanja wa shule. Mama mkwe alikuwa amepita. Si kwa mbali sana, kwa maana fulana za bure nazo zina wapenzi wao, lakini alikuwa amepita, na wanawake wa soko walimnyanyua juu juu, raba za Fundi zikining'inia hewani, naye akipiga kelele kwamba wamshushe, wasije wakamvunja kabla hajaapishwa.

Walipomshusha, alitafuta mtu mmoja tu. Alimkuta nyuma ya madarasa, macho yamemvimba.

"Unalia nini?"

"Nimefurahi, Mama." Fundi alijifuta kwa mkono. "Na nina wivu."

"Mwingi?"

"Mwingi sana."

Mama mkwe aliitika kwa kichwa kama mtu aliyepewa habari njema. "Hivyo hivyo. Usiupunguze."

"Uchaguzi ujao nasimama. Uwepo, usiwepo."

"Nitakuwepo. Na sitakuachia."

"Nani kakuomba?"

Walirudi nyumbani kwa miguu, kwa njia ya sokoni, Bonge akiwa amebebwa na baba yake mbele, amelala na kipande cha mkate mkononi. Watu walisimama milangoni kuwapungia. Mama mkwe alitembea polepole, mkono begani kwa mkwewe, akilalamika juu ya kisigino, akipanga atakachosema siku ya kwanza barazani, Fundi akimkatiza, akimwambia hilo aliweke mbele, hili aliache, na mama mkwe akimwambia anyamaze yeye ndiye diwani, kisha akiuliza tena, "Kwa hiyo lipi mbele?"

Walikuwa wamefika kwenye kona ya nyumbani mtu mmoja nyuma yao alipoita kwa sauti kubwa, "Mheshimiwa!"

Wote wawili wakageuka.